Kuongeza chumba kwenye nyumba ya zamani: tazama maungio kwanza

Hapa Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi Nzuguni, familia ikiongezeka watu huongeza chumba ubavuni mwa nyumba. Kazi nyingi wanafamilia wanaziweza wenyewe: kuchimba, kusogeza tofali, kuchekecha mchanga, kumwagilia. Chumba kipya kikija kuleta shida, mara nyingi inaanzia pale kinapokutana na nyumba ya zamani. Utaona ufa wa wima kwenye kona, maji yanapenya juu ya mlango, au sakafu mbili zimepishana sentimita nne bila mtu kupanga hivyo.

Sababu ni rahisi kuielewa. Nyumba iliyokaa miaka mingi imeshatulia kwenye udongo wake. Chumba kipya ndiyo kwanza kinaanza kukaa, na kitashuka milimita kadhaa. Ukivunja ukuta wa zamani ili tofali mpya zing'ate humo, kimoja kinashuka na kingine kimeshikilia, na lipu inachanika. Kwa hiyo acha nafasi ya sentimita 2 kati ya viwili hivyo, kutoka msingi hadi juu. Jaza povu jeupe gumu, lile linalofungiwa televisheni. Mwisho funika kwa ubao mwembamba uliopigiliwa upande mmoja tu. Ukipigilia pande zote mbili umefunga tena kile ulichokwisha kuachia.

Karatasi zitangulie. Tangu CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilipovunjwa mwaka 2017, mambo ya viwanja na vibali yako Halmashauri ya Jiji, na kuongeza chumba nako kunahitaji kibali cha ujenzi. Hakikisha pia chemba na bomba la maji taka havitabaki chini ya sakafu mpya.

Hesabu za hapa ni za chumba cha mita 3.6 kwa 3.6 ndani, kuta tatu mpya, tofali za bloku inchi 6.

Chimba kwanza shimo dogo kando ya ukuta wa zamani uone msingi wake umeishia wapi. Mtaro mpya, upana sentimita 60, usipite kina hicho karibu na nyumba, kwa sababu ukichimba chini zaidi unaiondolea nyumba udongo ulioibeba. Ukiwa mbali na ukuta, endelea hadi udongo mgumu. Maeneo ya mbuga yenye udongo mweusi ni habari nyingine: kiangazi unapasuka hadi kidole kinaingia, masika unavimba na kuinua kuta. Huo uondolewe wote mtaroni na chini ya sakafu, ujaze moramu na kushindilia kila sentimita 15. Kama tabaka lake halifiki mwisho hata baada ya mita moja na nusu, mlete mhandisi kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Tofali zinahitajika kama 420: 120 za kulaza msingini, kozi (mistari) tano, na 300 za kuta, pamoja na pembetatu za juu pande mbili na madirisha mawili yakiwa yametolewa. Hapa ndipo watu wanapoibiwa bila kujua. Tofali la inchi 6 lina ujazo wa karibu lita 15, na mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35, yaani ndoo moja na robo tatu ya lita 20. Mfyatuaji akikuambia mfuko umetoa tofali 35, piga hesabu: lita 35 za saruji zimegawanywa kwenye zaidi ya lita 500 za tofali. Huo ni mchanga ulionusishwa saruji. Fyatueni wenyewe, ndoo za mchanga zisizidi 14 kwa mfuko, yaani moja kwa nane, na mridhike mkipata tofali 18 hivi. Zimwagilieni asubuhi na jioni kwa siku saba, chini ya kivuli au magunia. Upepo wa Julai na Agosti hapa unanyonya maji kabla saruji haijashika, na tofali lililokauka haraka linapukutika ukilikwaruza kwa msumari.

Mchanga wa korongo upimeni. Jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache usiku kucha. Kwa mchanga wa sentimita 10, tabaka la tope juu likizidi milimita 8, usiupokee. Maji nayo yaonjwe. Visima vingi vya hapa vina chumvi, na chumvi hiyo ndiyo inayotoka nyeupe kwenye lipu baada ya miezi michache. Kwenye zege lenye nondo ni mbaya zaidi, kwa sababu nondo zinaoza zikiwa ndani. Kwa nguzo na mkanda, yaani zege lenye nondo linalozunguka juu ya madirisha, tumieni maji ya bomba au ya mvua.

Saruji, mbali na ya kufyatulia tofali, ni mifuko 38 hadi 40. Zege la msingi, unene sentimita 20 kwa mchanganyo wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), ni 6. Kujengea ni 8. Jamvi, yaani zege la chini ya sakafu, la sentimita 10 kwa 1:2:4 ni 9. Mkanda na nguzo ni 5, lipu 7, sakafu ya juu 3.

Jamvi lina mtego wake. Pima usawa wa sakafu ya zamani kwa mpira wa maji unaoonekana ndani, na kagua kwanza usiwe na kipovu cha hewa, maana kipovu kimoja kinakudanganya hata sentimita 2. Kisha ondoa sentimita 3 za sakafu ya juu na 1 ya marumaru. Juu ya jamvi lazima iwe chini ya sakafu ya zamani kwa sentimita 4. Wengi hulimwaga jamvi sawa na sakafu ya zamani, halafu wanakuta mlango una kizingiti cha kumkwaza mzee usiku. Kabla ya kumwaga, nyunyizia dawa ya mchwa juu ya kifusi, hasa kwenye ile nafasi ya sentimita 2, na tandika nailoni nzito. Mwageni alfajiri, funikeni kwa magunia mabichi siku saba.

Kwa kuwa kuta mpya hazishikani na nyumba, kila moja inayoishia ukutani imalizike kwa nguzo ya zege ya sentimita 15 kwa 20, inayoanzia msingini. Juu ya madirisha unazunguka mkanda wa kimo cha sentimita 20, nondo nne za mm 12, ringi za mm 8 kila sentimita 20, na nondo zake zinaingia ndani ya nguzo. Penye kuungana zipishane sentimita 60. Mahitaji ni nondo 8 za mm 12 na 5 za mm 8. Usiuruke mkanda ili kubana matumizi. Dodoma iko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa na ardhi hutikisika mara kwa mara. Kazi ya kufunga nondo mpeni fundi, familia ibebe ndoo.

Paa nalipendekeza upande wa gebo, ule ukuta unaopanda pembetatu, kwa kuwa una kimo cha kutosha. Bati lishuke angalau sentimita 18 kwa kila mita. Upande wa chini wa bati za zamani kimo hakitoshi: ukitoa mteremko huo, mtu mrefu atagusa dari. Makenchi yawe mbao tano za inchi 2x6, upande wa juu zikikalia boriti ya mbao mbili za 2x6 zilizogongwa pamoja kutoka nguzo hadi nguzo. Mafundi watasema 2x4 inatosha, lakini hapa hakuna kenchi ya pembetatu ya kuisaidia, na kwa urefu huo italegea katikati. Acheni mikia ya nondo za mm 8 kwenye mkanda na nguzo, muikunje juu ya kila mbao. Bati za mita 4.3 zikatwe kiwandani zisiungwe. Ulizeni upana unaofunika, si upana wa bati: ukiwa sentimita 75, zinatosha 6.

Bati linapokutana na ukuta, watu wengi hupaka saruji konani. Jua la mchana linalirefusha bati, baridi ya usiku inalifupisha, na saruji ile inaachia kabla ya mvua ya pili. Chonga mfereji wa sentimita 2.5 kwenye ukuta wa zamani, sentimita 15 juu ya bati. Ingiza humo ukingo wa bati bapa lililokunjwa, uzibe kwa saruji, na sehemu ya chini ilale juu ya bati bila kufungwa kwa nguvu.

Anzeni Mei mvua zikiisha, na bati liwe juu kabla Novemba haijaisha. Mlango wa kuingilia utobolewe mwisho kabisa, paa likishakamilika, na ikiwezekana pale palipokuwa na dirisha, kwa kuwa linta, boriti inayobeba ukuta juu ya uwazi, ipo tayari. Toa fremu, kata pande mbili kwa grainda hadi sakafuni, halafu ondoa tofali moja moja kwa tindo kuanzia juu. Nyundo kubwa isiingie: inatikisa lipu ya nyumba nzima.