Kumbukumbu ya mradi: gari linakula matairi ya mbele upande wa ndani

Km 0. Kusoma tairi

Gari ni dogo, linavutwa na magurudumu ya mbele, rimu za inchi 15. Kina cha kashata (michoro ya juu ya tairi) kimepimwa kwa geji kwenye mifereji mitatu ya kila tairi: nje, katikati, ndani. Kushoto mbele: mm 5.8, 5.6, 2.9. Kulia mbele: 5.7, 5.6, 4.4. Nyuma yako sawa, isipokuwa la kulia lina mabonde madogo kuzunguka ukingo. Hilo litakuja baadaye.

Upepo ulipimwa gari likiwa limelala usiku kucha, ukalinganishwa na kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Haukuwa na tatizo, na hata ungekuwa nalo usingeacha alama hii: upepo pungufu hula kingo zote mbili, uliozidi hula katikati. Ukingo mmoja peke yake ni suala la jinsi gurudumu lilivyokaa.

Watu wengi wakiona tairi limeisha ndani husema moja kwa moja kwamba gurudumu limelala, yaani kemba (pembe ya gurudumu kuinamia ndani au nje) imeharibika. Kabla ya kukubali, pitisha kiganja juu ya kashata kutoka ndani kwenda nje, kisha urudi. Hapa mkono ulikwenda nje kwa ulaini, ukarudi ndani ukikwaruzwa na ncha kali. Tairi lililoliwa na kemba peke yake huwa limelainika tu. Ncha hizi huletwa na tairi linaloburutwa kando huku likibingirika, na mwelekeo wake unaonyesha kwamba magurudumu yamefunguka kwa mbele, yaani ncha zake za mbele zimeachana kuliko za nyuma; kinyume chake ni kufumba.

Kutafuta kilicholegea

Gari juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yamewekewa kabari. Gurudumu lilishikwa juu na chini likatikiswa: beringi na boljointi (kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu) hazina mchezo. Likashikwa kushoto na kulia: tairodi endi (kiungo cha mwisho wa tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) ni nzima. Kosa lilijitokeza mtaimbo ulipoingizwa kati ya loa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu) na fremu. Bushi kubwa (mpira wa kwenye kiungo) ya nyuma ya loa amu ya kushoto imepasuka, na amu inasogea mbele na nyuma kwa karibu mm 5. Kila breki ikikanyagwa, gurudumu linarudi nyuma na kubadili mwelekeo. Ndiyo maana kushoto kumeliwa zaidi.

Kupeleka gari lenye bushi hii kwenye alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu kwa mashine, ni kupoteza pesa. Mashine itasoma vipimo vizuri gari likiwa limesimama, na barabarani vitahama.

Bushi zimebadilishwa pande zote mbili. Jambo linaloua bushi mpya mapema ni kukaza boliti za amu gurudumu likining'inia. Mpira unafungwa ukiwa umejipinda, kisha gari likishuka unabaki umesokotwa muda wote. Boliti ziliachwa zimeshikizwa tu, gari likashushwa likabeba uzito wake, ndipo zikakazwa kwa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza.

Vipimo kwa uzi

Uzi umevutwa kila upande wa gari kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Nyuzi mbili lazima ziwe sambamba, kwa hiyo pima kutoka kitovu cha gurudumu hadi uzi na usawazishe kushoto na kulia, mbele kwa mbele, nyuma kwa nyuma. Chini ya kila tairi la mbele kuna mifuko miwili ya nailoni yenye grisi katikati, ili tairi liteleze na kukaa lenyewe. Usukani umefungwa ukiwa umenyooka.

Pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu mbele, kisha nyuma. Kushoto tofauti ni mm 2, kulia mm 1.5, zote za kufunguka. Kwenye rimu hii, yenye kipenyo cha karibu mm 415 ukingo kwa ukingo, pembe ya digrii 0.1 ni sawa na mm 0.7. Kemba ilipimwa kwa timazi: digrii 0.8 kushoto, 0.7 kulia. Hiyo haikuguswa. Ingehitaji kurekebishwa, ingetangulia, kwa sababu ukigusa kemba, kufunguka na kufumba navyo vinahama.

Lengo ni kufumba mm 0.5 kila upande. Stelingi iko nyuma ya ekseli, hivyo kurefusha tairodi kunafumba magurudumu. Hatua ya skrubu ya tairodi ni mm 1.5 kwa mzunguko, na mkono wa nakeli (kipande kinachobeba gurudumu) ni karibu mm 130, kwa hiyo robo mzunguko ni kama mm 1.2 kwenye rimu. Kushoto nusu mzunguko, kulia pungufu kidogo. Kaza lokinati (nati inayofunga tairodi isizunguke), sukuma gari mita chache mbele na nyuma, pima tena. Kipimo cha kwanza baada ya kukaza usikiamini.

Km 2,000

Kushoto mbele: 5.6, 5.4, 2.7. Kulia mbele: 5.5, 5.4, 4.2. Kila mfereji umepungua mm 0.2, ndani sawa na nje. Ncha kali zimeanza kulainika. Ukingo wa ndani wa kushoto hautajazika, na tairi hilo litatolewa kabla ya kufika mm 1.6.

Kinachofuata ni shokapu (kizuia mdundo) ya nyuma kulia. Mabonde yale ni ya tairi linalodunda, na mwili wa shokapu una mafuta.