Siku moja na chupa za maji

Hapa Malindi nikisema nafanya kazi ya mwani, watu huniuliza naukausha wapi. Mwani wangu haukaushwi. Kila mmoja ni seli moja tu, jina lake Lingulodinium, na uko katika jamii ya vile viumbe vinavyometa makasia yanapopiga maji usiku.

Saa kumi na moja alfajiri nachota sampuli ya kwanza na kuhesabu seli kwenye hadubini. Nyingi hugawanyika wakati huu. Saa tatu, saa saba, saa kumi na moja jioni: sampuli. Katikati ni kuosha chupa na kuchuja maji ya bahari, mgongo ukiwaka moto.

Chumba chenyewe hakina mchana wala usiku. Kuna taa moja hafifu isiyozimwa. Siku ya nne sasa seli hazijaona jua, na bado zinajua saa. Mchana hutengeneza chakula kwa bidii, jioni huunda upya protini za kutoa mwanga, usiku wa manane huwa na mwanga kuliko wakati wowote, na kukikucha protini zile zimeshavunjwa. Wanasayansi Hastings na Sweeney walionyesha saa hii ya ndani ya seli huko Marekani miaka ya 1950. Mimi huiona kila usiku na sijaizoea.

Fundi wa friji tuliyemngoja tangu asubuhi akafika saa mbili usiku. Mlangoni nimebandika karatasi: USIWASHE TAA. Akaingia, mkono moja kwa moja kwenye swichi. Chumba kizima cheupe! Nikapiga ukelele.

"Dada, kwani nimevunja nini? Humu mna maji matupu."

"Kaka, umezisogezea saa."

Hakunielewa, nami machozi yalikuwa karibu. Mwanga mkali usiku hurudisha saa yao nyuma au kuipeleka mbele, na vipimo vya siku nne haviaminiki tena. Chupa sita zilizofunikwa kitambaa cheusi zilipona. Sita za rafu ya juu, zisizofunikwa, zikaharibika, basi.

Friji ilitengemaa karibu saa sita. Kabla hajaondoka nikamwita kwenye kisanduku cha giza, nikadondosha tone la asidi ndani ya sampuli. Buluu ikawaka, ikazimika.

"Subhanallah," akasema, akainama tena. "Hebu tena."

Nikamwonyesha mara ya pili. Kisha nikaandika daftarini: chupa 6 zimeharibika, kesho alfajiri ni siku ya kwanza upya.