Nilivyopiga hesabu ya mwamba uliotaka kupinduka

Ofisi yetu iko Moshi, na kazi nyingi tunazopata ni za udongo: misingi ya nyumba, visima, mifereji. Kazi ya Upareni ilikuja tofauti. Kule mwamba si wa volkano kama huu wa Kilimanjaro. Ni naisi ya kale, mwamba uliogeuzwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi, iliyokaa tabaka kwa tabaka. Mkandarasi alikuwa amechonga ukingo wa barabara ya kupanda mlimani kutoka Mwanga, uso wake ukitazama upande wa Bwawa la Nyumba ya Mungu.

Msimamizi hakuwa na wasiwasi. Tabaka zimeinamia ndani ya mlima, alisema, zitateleza kwenda wapi? Kuhusu kuteleza alikuwa sahihi kabisa. Lakini mzee mwenye migomba juu ya ukingo, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alinipeleka kwenye ufa shambani mwake. "Mwanangu, kabla ya vuli hapa hapakupita kiganja. Sasa naingiza mguu."

Kilichonishtua si upana wa ufa. Upande wa bondeni ulikuwa umeinuka kuliko ule wa mlimani. Mwamba unapoteleza, upande wa bondeni hushuka. Ukiona umeinuka, fikiria kupinduka: tabaka zinainama mbele, kila moja ikisuguana na jirani yake.

Nilipima kwa dira ya kijiolojia. Tabaka zilikuwa na mwinamo wa nyuzi 70 kuingia mlimani, uso wa ukingo nyuzi 65, na mielekeo yake ilikaribia kuwa sambamba. Msuguano niliupata kwa kulaza bapa la mwamba juu ya jingine na kuinua ubao mpaka la juu likateleza: kama nyuzi 30. Kipimo cha kwanza ni chepesi. Toa mwinamo wa uso kutoka 90, jumlisha pembe ya msuguano. Jibu likiwa dogo kuliko mwinamo wa tabaka, zinaweza kusuguana na kupinduka. Hapa 25 na 30 ni 55, chini ya 70.

Halafu nikaangalia kipande kimoja kimoja cha tabaka zilizokatika. Kitako chake kimelala nyuzi 20 kuelekea barabarani, chini ya zile 30 za msuguano, ndiyo maana hakitelezi. Ila kikiwa na unene wa nusu mita, kikizidi kimo cha mita 1.4 hivi, uzito wake unapita nje ya kitako na kinaanguka kifudifudi. Vya kwetu vingi vilizidi hapo.

Kipande hakisimami peke yake, na hapo ndipo nilipotumia njia ya wataalamu wa miamba Goodman na Bray ya mwaka 1976. Ni kama abiria mlangoni mwa Hiace: wa nyuma anasukuma, wa mbele anabeba msukumo wa wote. Unaanzia juu. Kwa kila kipande unatafuta nguvu ya kukizuia kisipinduke na nguvu ya kukizuia kisiteleze, unachukua iliyo kubwa, unamkabidhi wa chini yake. Excel inatosha, programu za bei kubwa sikuzihitaji. Vya juu kabisa ni vifupi, vinajisimamia. Vya katikati ni virefu, ndivyo wasukumaji. Vya chini ni vifupi tena, lakini vinasukumwa mpaka vinateleza. Nguvu iliyobaki kwenye kipande cha mwisho ilikuwa chanya, maana yake ukingo haujitoshelezi.

Kwangu huo ndio uzuri wa hesabu hii: inakuonyesha pa kushika. Mkandarasi alitaka kufunga nondo ukingo mzima. Nikamwonyesha kwamba nguvu ya wastani ikiwekwa mguuni inazuia msafara wote. Tukakubaliana nondo na ukuta wa mawe chini, vipande virefu vya juu vipunguzwe, na mfereji uchimbwe nyuma ya ufa, kwa sababu maji yakijaa kati ya tabaka yanaongeza msukumo ambao jedwali langu la kwanza halikuwa nao.

Kona ya kaskazini niliiacha nje ya jedwali hilo. Pale tabaka ni nyembamba na hazijakatika. Zinapinda kwanza, kisha zinavunjika kwa kuvutwa. Hizo zinahesabiwa kama mihimili iliyoshikwa upande mmoja, kwa njia waliyoieleza Aydan na Kawamoto mwaka 1992, na inabidi ujue nguvu ya mwamba dhidi ya kuvutwa. Sampuli zake tumepeleka maabara.