Mkuku Uliopinda

Jumapili usiku. Walukuba, Jinja.

Nimerudi na mtumbwi wangu chini ya kwapa, umefungwa kitenge, na kwa mara ya kwanza tangu Februari sikuusukuma chini ya kitanda. Nimeuweka juu ya meza. Dirisha nimelifunga kwa sababu ya sami; wadudu wale wa ziwani wakiingia usiku kama huu, vanishi yote inaota manyoya. Taa ya sola bado ina nguvu. Nataka kuandika yaliyotokea leo kabla usingizi haujanichukua, maana jambo hili nimelibeba miezi minne peke yangu.

Mimi ni fundi viatu. Mchana niko sokoni na shazia, soli na gundi. Jioni najenga vyombo vya majini vya mfano, vidogo, vya mbao. Nimeshajenga jahazi moja na feri moja, na mwaka huu nikaamua kujenga kitu cha kwetu: mtumbwi wa Ssese, ule wa zamani, wa kushonwa.

Wengi wanaopita Masese wakiiona mitumbwi ya wavuvi hawajui kwamba umbo lile ni la kale. Siku hizi fundi anaunganisha mbao kwa misumari, anaziba mianya kwa pamba, na juu ya maungio anagongomea ukanda wa bati. Zamani hapakuwa na msumari hata mmoja. Chini palikuwa na mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, wa gogo lililochongwa. Mbao zilitobolewa pembezoni, zikashonwa kwenye mkuku, kisha ubao kwa ubao, kwa nyuzi za mti wa mwale. Mkuku ulitokeza mbele kama pua ndefu inayonusa maji, na juu ya omo, sehemu ya mbele, likasimama pambo la pembe za mnyama na manyoya ya ndege. Mwili wote ulipakwa udongo mwekundu. Stanley, yule msafiri mvumbuzi, alipofika kwa Muteesa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, mwaka 1875, aliona mitumbwi hiyo, na mkubwa kuliko yote aliyoupima ulikuwa na urefu wa futi 72. Mita 22 hivi! Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mamba, ndiye aliyesimamia mitumbwi ya Kabaka, na mafundi waliosifika walitoka visiwani Ssese.

Halafu malale, ugonjwa wa usingizi, ikaja. Iliua watu wengi mno kando ya ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, na mwaka 1909 serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wa Ssese kutoka visiwani mwao. Kurudi ni baada ya miaka mingi. Kila nikiifikiria ile mikono iliyoijua kazi hii, imekaa bara miaka yote hiyo bila ubao wa kushona, moyo unaniuma. Ndiyo maana nilitaka kushona kweli, si kubandika kwa gundi halafu nikachora nyuzi kwa kalamu.

Nilichagua kipimo cha 1:24, kwa hiyo kila futi mbili zinakuwa inchi moja na mtumbwi wa futi 72 unakuwa wa futi tatu, yaani sentimita 91. Mkuku nimeuchonga kwa mvule. Mbao ni za musizi, unene milimita 2, kwa sababu musizi ni mwepesi na ukiloweshwa unakubali kukunjwa. Matundu nimeyatoboa kwa keekee nyembamba, kila milimita 5 tundu moja, milimita 3 kutoka ukingoni. Ukisogea ukingoni zaidi ya hapo ubao unapasuka. Ukingo mmoja tu una matundu kama 180. Hesabu mwenyewe mbao nane zina mangapi.

Kosa langu lilitokana na furaha. Nilianza upande wa kushoto, nikaona mshono umekaa vizuri, nikashindwa kuacha. Usiku baada ya usiku nilishona kushoto tu mpaka mbao zote nne zikaisha. Upande wa kulia ulikuwa mtupu, mkuku haujafungwa popote, na uzi nilikuwa nauvuta kwa koleo kama ninavyovuta uzi wa buti. Asubuhi moja nikauweka mezani, ukayumba. Nikainama tezi, yaani nyuma ya chombo, nikatazama kuelekea omo. Mkuku ulikuwa umepinda kushoto, milimita 11 nje ya mstari. Sikumwambia mtu. Nikauweka chini ya kitanda, karibu na viatu vya wateja ambao hawajarudi kuvichukua.

Walikuwapo waliouona. Jirani aliuona, shemeji yangu akaupiga picha, rafiki mmoja wa sokoni akaniambia, "Hongera fundi, kazi safi sana!" Nawashukuru wote, walinitakia mema. Lakini kila hongera iliusogeza mtumbwi ule ndani zaidi, kwa sababu mimi nilijua umepinda na wao hawakuona. Sifa ile haikuwa na macho. Nilibaki najiuliza kama kweli kuna mtu aliyewahi kuiangalia kazi yangu.

Leo ilikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Tuko saba tunaokutana siku hiyo: Mgisu anayejenga boti za injini, Waacholi wawili ndugu, na wengine. Lugha yetu ni Kiswahili, kama ilivyo Walukuba tangu wafanyakazi wa viwandani walipoletwa hapa kutoka kila upande. Tunakutana kwa mama mmoja mzaliwa wa Lamu, aliyeolewa Jinja zamani, ambaye wote tunamwita mama. Yeye ndiye aliyetufundisha majina: mkuku, taruma, omo, tezi, foromali. Kabla yake tulikuwa tunasema "ile ya mbele" na "ile ya chini".

Mama anajenga mtepe. Kwa msioujua, mtepe ni chombo cha pwani, nacho pia hakina msumari. Kilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kikawa na mlingoti mmoja na tanga la mkeka, na shingo ya mbele imechongwa kama ya ngamia, macho yamechorwa ubavuni. Baharini kilishatoweka kabla yeye hajazaliwa. Alikiona utotoni kwenye jumba la makumbusho la Lamu, kikiwa kidogo cha maonyesho, na hajakisahau. Aliwahi kuniambia, "Nyinyi wa ziwani mlishona, na sisi wa baharini tulishona." Ni maneno yake hayo yaliyonifanya niuanze mtumbwi huu, na ndiyo yaliyofanya nione haya kumwonyesha ulivyoharibika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeufunga hivyo? Ufungue upumue."

Nikafungua. Wenzangu wakasogea, mmoja akaanza kusema umependeza. Mama hakusema kitu. Alivua miwani, akauinua mtumbwi, akafumba jicho moja na kutazama kutoka tezi hadi omo. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya mshono polepole, tundu kwa tundu, kama mtu anayehesabu tasbihi. Chai yake ilipoa. Alipofika katikati ya ubao wa pili akasimama, akarudi nyuma kidogo, akasimama tena.

"Ulianza kushoto, ukamalizia kushoto."

"Ndiyo, mama."

"Na uzi umeukaza kwa koleo. Tazama hapa, umeuma ubao."

Nikatazama. Kweli, uzi ulikuwa umezama ndani ya musizi, na kila tundu lilikuwa limevutika likawa na umbo la chozi. Miezi minne nimekaa na kitu hiki na sikuwahi kuona lile chozi.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Unakumbuka ulikuwa tundu la ngapi uliposikia ubao unakataa?"

Nikakumbuka papo hapo. Ilikuwa ubao wa pili, kwenye tundu la 60 hivi, pale mtumbwi unapoanza kujibana kuelekea omo. Nilisikia kitu kinarudi kwenye uzi, kama samaki anayegeuka, na badala ya kulegeza nikachukua koleo.

"Basi mkono wako ulikuambia," mama akasema. "Mkono unaosikia hivyo haufundishwi. Fumua mpaka hapo ulipoambiwa, si zaidi. Kisha ufunge mkuku kwenye ubao mnene usiyumbe, ushone wa kulia, na tangu hapo mmoja kushoto, mmoja kulia. Koleo liache sokoni."

Akavaa miwani, akaomba aongezewe chai, tukaendelea na boti ya Mgisu.

Njiani nilikuwa nayarudia maneno yale, mkono wako ulikuambia. Hakuniambia kazi ni nzuri. Alinionyesha mahali penyewe nilipoharibu, na papo hapo akanionyesha kwamba mahali hapohapo ndipo nilipokuwa fundi. Sijawahi kupewa moyo namna ile. Na nilipofika kwenye kona ya kituo cha boda nikamkumbuka kijana wa Hoima, nikasimama barabarani kabisa.

Kijana huyu anajenga SS Robert Coryndon, meli iliyounganishwa Butiaba baada ya kuletwa vipande vipande kutoka Uingereza, ikaanza kazi Ziwa Albert mwaka 1930. Maji ya ziwa yalipopanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, bandari ikaharibika, na mwaka 1964 meli ikazama palepale Butiaba. Mabaki yake yalikaa pale miongo mingi, wavuvi wakayazoea kama mawe, mpaka chuma kikakatwa na kuondolewa. Babu yake aliipanda. Sasa hakuna cha kwenda kuona, na ndiyo maana anaijenga, mbao kwanza halafu rangi juu ifanane na chuma. Mwezi Machi alinitumia picha ya omo. Mbao zilikuwa zimesongamana pale mbele, nyingine imepanda juu ya mwenzake. Nami nilimjibu nini? "Usikate tamaa mdogo wangu, songa mbele, Mungu yupo." Nilimjibu nikiwa nagonga kisigino, picha nimeitazama kwa nukta mbili. Tangu siku ile hajatuma picha nyingine.

Leo jioni nimempigia. Nilimwomba msamaha kwanza. Akanyamaza, halafu akasema, "Fundi, ile meli nimeiweka juu ya kabati." Nikamwambia aishushe, achukue rula na kipande cha karatasi, na asikate simu.

Nilimwomba azungushe karatasi katikati ya meli, kutoka mkukuni hadi ukingo wa juu, upande mmoja. Milimita 84. Kisha afanye vilevile karibu na omo. Milimita 52. Ana mbao ngapi upande huo? Kumi na nne, kila mmoja upana milimita 6 mwanzo mpaka mwisho. "Sasa gawanya," nikamwambia. Katikati 84 kwa 14 ni 6, sawa kabisa. Mbele 52 kwa 14 ni 3.7. Nikasikia amevuta pumzi. Mbao zake zote zilikuwa zinagombea nafasi ambayo haikuwapo. Kila moja ilipaswa kupunguzwa kwa randa taratibu kuelekea omo, iwe karibu 6 katikati na chini ya 4 mwishoni. Nikamwambia pia kwamba pini zake zinazoshika mbao nimeziona, amezipanga kwa mstari ulionyooka kama amezipima kwa uzi, na mtu mwenye subira hiyo atapunguza mbao 28 bila tabu. Hilo lilikuwa kweli. Liko kwenye picha, ni mimi tu sikuwa nimelitazama.

Tumezungumza dakika 40. Ameuliza kuhusu kulowesha, nikamweleza ninavyofanya: maji ya moto dakika 20, kisha ubao nauegemeza kwenye ubavu wa chupa ya bati yenye maji yanayofuka, nauzungusha polepole, na naubana kwa vibanio vya nguo mpaka asubuhi. Baadaye akaniuliza kuhusu bomba la moshi, nikajua meli haitarudi kabatini.

Nimefumua. Imenichukua saa nzima na wembe, tundu kwa tundu, mbao za juu zote mbili na theluthi mbili za ubao wa pili, mpaka tundu la 60. Sehemu hiyo ya ubao wa pili ina matundu yaliyovutika, nitaichonga upya. Mkuku nimeubana kwenye ubao mnene wa mvule kwa vipande vinane vya mbao na skrubu, nikainama tezi, nikafumba jicho moja. Milimita 11 zimekuwa 4. Nadhani nyuzi za kulia zitazivuta zilizobaki, na nitazivuta kwa vidole.

Koleo liko kwenye mfuko wa kazi, mlangoni, tayari kwa kesho sokoni. Sasa hivi ni saa tano na nusu, na ubao wa kwanza wa kulia uko kwenye beseni, unalowa.