Lami Mbichi Mlangoni Kwangu

Mwezi Februari, ambao hapa Dar es Salaam jua lake halina masihara, nilimwagiwa lami kwenye njia ya gari itokayo getini hadi barazani, unene wa sentimita 5 baada ya kushindiliwa. Fundi alinitaka nisiingize gari kwa siku tatu. Kwa kuliona joto lile nikaongeza mbili, gari likawa linalala kwa jirani. Siku ya sita niliingia nikiamini kwamba lami iliyopoa imekwisha kukaza.

Mbele ya baraza nilikata usukani gari likiwa limesimama, na matairi ya mbele yakakwangua lami hadi kokoto ndogo zikang'oka. Wiki hiyohiyo kijana wa bodaboda alituletea mtungi wa gesi saa nane mchana, akaegemeza pikipiki kwa stendi ya pembeni, na kabla hatujamaliza kuhesabu chenji stendi ilikuwa imezama kama kidole kwenye ugali wa moto.

“Shikamoo mzee, nisamehe, nilidhani ni ngumu kama ya barabarani,” alisema, na kwa kweli hata mimi nilidhani hivyo.

Fundi, nilipomwita, alinifafanulia kwamba lami huanza kulainika kwenye nyuzi joto 50 hivi, kiwango ambacho uso mweusi uliopigwa na jua la mchana hukifikia bila taabu, na kwamba huendelea kukaza kwa miezi kadhaa. Gari linalotembea haliidhuru sana. Kinachoiumiza ni uzito uliotulia juu ya kitu chembamba, au tairi linalojisokota palepale.

Tangu siku hiyo sikugusa usukani mpaka gari lianze kusogea, na sikuegesha mahali pamoja siku mbili mfululizo. Mchana wa jua kali niliipoza lami kwa maji ya mpira kabla ya kuingiza gari. Dereva wa boza la maji alinung'unika kidogo, lakini alikubali kusimama nje ya geti na kuvuta mpira wake hadi kwenye tangi. Kwa kuwa sikuweka mawe ya ukingo (ubahili wangu huo), nilishindilia udongo pembeni ili kingo zisimeguke. Dizeli ya jenereta ilipomwagika niliifunika kwa mchanga mara moja, kisha nikaosha kwa maji ya sabuni, maana dizeli huiyeyusha lami.

Alama za matairi nilizinyunyizia vumbi la mawe nikaziacha, na kufikia Mei zilikuwa zimefifia. Shimo la stendi lilihitaji kuchimbuliwa na kujazwa mchanganyiko wa moto. Kiraka chake bado kinaonekana, cheusi kuliko pembeni yake, na kijana wa gesi akifika huuchukua kwanza ubao niliouegemeza getini, akauweka chini ya stendi, ndipo aniamkie.