Kuku mzee, makaroni na meno ya mama

Mama yangu amebakiwa na meno sita. Manne ya chini, mawili ya juu, na hayakutani. Nilimleta hapa Mbeya kutoka Tukuyu mwaka juzi, macho yalipoanza kumsumbua, lakini kilichokuwa kinaniuma kuliko hata macho ni kumwona akisogeza pembeni paja la kuku wa kienyeji na kunywa mchuzi peke yake. Mtu aliyefuga kuku tangu akiwa msichana! Nikamnunulia broila kwa kuwa ni laini. Alikula kwa kuniheshimu, akaosha mikono, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, hii ni nyama ya maji."

Sikumbishia. Broila ana wiki sita tu duniani, ladha ataitoa wapi?

Tatizo ni kwamba kuku wa kienyeji aliyekomaa, hapa kwetu milimani, anataka uvumilivu kuliko huko chini. Mjini Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka yakifika nyuzi 94 hivi, wakati Dar es Salaam yanafika 100. Wageni wa pwani wanaokuja huku hushangaa maharage kukaa jikoni nusu siku. Kuku jike aliyetaga misimu mitatu ni hivyo hivyo, anamaliza mkaa na bado anavutika kama mpira. Na mimi sipo nyumbani. Nashona nguo kwenye chumba cha kupanga karibu na Kabwe, natoka saa 1 asubuhi, narudi saa 11 jioni. Kumwachia mama jiko la moto na macho yale siwezi. Kuliingiza ndani jiko la mkaa ili apate na joto, baridi ya Juni na Julai inapokaza, ndiyo sithubutu kabisa. Hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, na watu wamelala nayo milango ikiwa imefungwa wasiamke. Naomba mnaonisoma kutoka Njombe na Makete, kwenye baridi kuliko yetu, msilichukulie hili kama jambo dogo.

Mwezi wa nne nikakuta chombo kwenye vyombo vya mtumba, Mwanjelwa. Chungu kizito cha udongo wa kung'aa, kimekaa ndani ya ganda la bati lenye waya, na mfuniko wa kioo. Muuzaji alidhani ni jiko la wali. Nilikijua kwa sababu mteja wangu mmoja aliwahi kuishi Uingereza na alinisimulia jinsi alivyokuwa anatia nyama asubuhi, anakwenda kazini, anarudi imeiva. Plagi ni ya pini tatu bapa kama zetu, na hata volti zetu na zao ni sawa. Nikakigeuza chini, nikaona imeandikwa wati 200. Nikapiga hesabu palepale: saa 10 ni uniti 2 za umeme, na kwa daraja langu hazifiki shilingi 1,000. Mkaa wa kumlainisha kuku mmoja ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Nilitoa shilingi 25,000 na sikuomba hata kupunguziwa.

Nyumbani tunakiita chungu cha umeme. Kina hatua tatu: moto mdogo, moto mkubwa na ya kutunza joto. Moto wake unazunguka ubavuni mwa chungu, unapanda polepole sana, mvuke unagonga mfuniko na kurudi chini, kwa hiyo maji hayapungui. Ndani ya joto hilo la muda mrefu zile kano na ngozi zinazofanya kuku mzee awe mgumu huyeyuka zikawa ute. Mchuzi ukilala kwenye friji unaganda ukatikisika. Broila hana kano za kutosha kukupa mchuzi wa namna hiyo, na ukimwacha humo saa 10 anachambuka nyuzi nyuzi kavu. Ukiwa naye huyo tu, saa 4 za moto mdogo zinamtosha.

Kuku wangu namnunua Uyole Jumapili, akiwa hai. Nachagua jike mzito mwenye magamba makavu miguuni. Nikishamchinjisha namnyonyoa kwa maji ya moto, nambabua vinyweleo, namsugua kwa limao na chumvi, namkata vipande na kumweka kwenye friji, siyo kwenye barafu. Kuku aliyeganda haingii kwenye chungu hiki. Kinapanda moto taratibu mno, na nyama itakaa vuguvugu saa nyingi ikiwapa wadudu nafasi ya kuzaliana.

Asubuhi saa 12 nakaanga vitunguu maji viwili, punje sita za vitunguu saumu, kipande cha tangawizi na nyanya tano. Shemeji yangu akipita Ilula akitokea Dar huniletea ndoo nzima ya nyanya, nyekundu mpaka katikati. Najua wapo wanaotupa kila kitu kibichi kwenye chungu kwa kuwa ndiyo urahisi wenyewe. Mimi nimejaribu, na nyanya zilibaki na uchachu wa shambani. Dakika 10 za kukaanga nazitoa kwa moyo. Karoti mbili na viazi viwili natanguliza chini, karibu na moto, kwa sababu humo mizizi inachelewa kuiva kuliko nyama. Kuku juu yake, kisha rojo la nyanya, pilipili manga, chumvi na vikombe viwili vya maji ya moto. Maji ya moto, ili chungu kisianzie kwenye ubaridi wa asubuhi ya Mbeya. Nafunika, naweka moto mdogo, naenda zangu kazini.

Mfuniko haufunguliwi. Wiki ya kwanza mama alikuwa anaufungua kila harufu ilipomfikia, na kila akifungua joto lote linatoka na chungu kinahitaji karibu nusu saa kulirudisha. Nilirudi nikakuta kuku hajaiva. Tangu hapo tumepatana: anakaa karibu nacho, maana hata ganda lake linatoa ujoto mzuri, lakini hakigusi. Na redio yake ipo kwenye soketi ya jirani na chungu. Ikinyamaza umeme umekatika, ananipigia simu. Siku moja ilinyamaza saa 3 asubuhi ikarudi saa 8 mchana. Nilimwaga chungu chote. Iliniuma, kuku mzima, lakini nyama iliyokaa vuguvugu saa 5 simpi mama wa miaka 78.

Makaroni yanaingia jioni. Kosa langu la mara ya kwanza lilikuwa kuyatia asubuhi pamoja na kuku, nikakuta uji wa ngano wenye mifupa. Sasa nikirudi saa 11 natoa vipande vya kuku kwenye sinia, nawasha taa, na kuchambua nyama kwa vidole. Mifupa yote naitoa, hasa ile myembamba ya mbavu na pingili za shingo, kwa sababu imelainika, inateleza, na mama hawezi kuiona. Wakati nachambua, chungu kipo kwenye moto mkubwa na kikombe kimoja na nusu cha maji yaliyochemka nimeongeza. Natia makaroni mafupi gramu 250, nafunika, nakoroga mara mbili tu. Pakiti inasema dakika 10, lakini humo ni 30, pengine 40. Yakiwa laini narudisha nyama na kumimina kikombe cha maziwa ya ng'ombe niliyoyapasha. Maziwa ni ya mwisho kabisa, ukiyawahisha yanakatika. Nikipata jibini inayotengenezwa Njombe nakwangulia juu kidogo.

Jirani ameniuliza kama atie na maharage mekundu yakiwa mabichi. Hapana, dada. Lazima uyaloweke, umwage maji, uyachemshe kwanza jikoni kwa moto mkali dakika 10 au zaidi. Yana sumu inayoondoka kwa kuchemka kwelikweli, na moto mdogo wa chungu hiki unaweza usiiondoe.

Kwa mama, tambi na makaroni vilikuwa kitu cha sukari, alicholetewa na jirani yetu Mwislamu kule Tukuyu siku ya Idi. Alipoonja ya chumvi alinyamaza kidogo, akageuza kijiko akitafuta kama kuna ndizi. Nikamwambia, "Mama, leo hakuna ndizi, jaribu hivyo." Akatia kinywani kipande cha paja. Nilikuwa namwangalia taya. Halikuhangaika. Alimeza, akachota tena, akala bakuli lote bila kunyanyua uso, kisha akaulizia shingo, ambayo tangu nikiwa mtoto ilikuwa ni yake. Nilikuwa nimemtengea nyama yake kwenye kisosi.

"Huyu alitaga sana," akasema. "Kuku aliyetaga sana mchuzi wake ni huu. Ndaga fijo, mwanangu." Yaani asante sana, kwa Kinyakyusa.

Sikuweza kumjibu mara moja. Niliinuka nikaenda kumwongezea.

Wiki hii ameagiza jogoo. Nimeshampigia muuzaji wa Uyole aniwekee mkubwa, mwenye kucha ndefu, na kesho jioni naloweka chungu ili kiwe safi kabla ya Jumapili.