Jua la saa nne na damu kwenye mswaki

Povu la dawa ya meno likitoka na rangi ya waridi, wengi hufanya kosa moja: wanaogopa pale panapotoa damu, wanapapitisha mswaki kijuujuu au wanaparuka kabisa. Damu inazidi. Halafu mtu anaambiwa hiyo ni kukosa vitamini D, anakimbilia duka la dawa. Vitamini hiyo ina kazi yake kwenye fizi, lakini haiondoi utando wa bakteria uliokaa kwenye jino, na mara nyingi utando huo ndio unaoleta damu.

Tuanze na jua lenyewe. Ngozi hutengeneza vitamini D ikipigwa na miale ya UVB, sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, na miale hiyo haipiti kioo cha kawaida. Kukaa dirishani ofisini Upper Hill, au upande wa jua kwenye matatu ya Thika Road, utapata joto tu. Kipimo rahisi ni kivuli. Simama wima: kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe, UVB ni kidogo mno. Hapa Nairobi, karibu na ikweta, kivuli huwa kifupi kuliko wewe kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Jua la saa moja asubuhi, ambalo tumesikia tangu utotoni kwamba ndilo la vitamini, ni zuri kwa kuamsha mwili, basi.

Ndiyo maana mtu anaweza kuishi karibu na ikweta na bado akapungukiwa. Anatoka alfajiri, anarudi jioni. Au anakaa ghorofa ya chini mtaa wa Pipeline, ambako majengo yamebanana hadi nguo zilizoanikwa zinanuka unyevu. Juni hadi Agosti mawingu yanaziba anga kwa siku nyingi. Na ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe, kwa sababu melanini, rangi ya asili ya ngozi, huzuia sehemu ya miale hiyo. Mikono na miguu ikiwa wazi, kama nusu saa mara tatu kwa wiki ni mwanzo mzuri. Mapumziko ya chakula cha mchana yanatosha. Mwenye ualbino asijaribu hili hata kidogo: ajikinge na jua, na vitamini aipate kwa ushauri wa daktari.

Kwenye chakula, samaki wenye mafuta ndio wanaoongoza; kiini cha yai kina IU 40 hivi (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini). Mtu mzima anahitaji IU 600 kwa siku, na akipita miaka 70, IU 800. Kinachonitia wasiwasi ni vile vidonge vya IU 50,000. Daktari akiviandika, kwa kawaida ni kimoja kwa wiki, kwa wiki chache. Ukimeza kila siku, kalsiamu hupanda kwenye damu: kichefuchefu, kiu, kufunga choo, hata figo kuharibika. Pima kwanza. Kipimo kinaitwa 25-hydroxy vitamin D, na chini ya 20 ng/ml huhesabiwa kuwa upungufu.

Vitamini D husaidia utumbo kufyonza kalsiamu, na kalsiamu ndiyo hujenga mfupa unaoshika jino. Pia husaidia kinga ya mwili kupambana na bakteria. Tafiti nyingi zimekuta walio na kiwango cha chini wana fizi mbaya zaidi, ila hilo peke yake halithibitishi kwamba kidonge kitaziponya.

Sasa mswaki. Chukua wenye nywele laini; mgumu hukwangua fizi hadi zikarudi nyuma. Dawa iwe na floridi, 1,000 hadi 1,500 ppm (sehemu kwa milioni) kwenye boksi, kiasi cha punje ya minji. Laza mswaki kwa mshazari, nywele zielekee pale jino linapokutana na ufizi, kisha tikisa polepole, meno mawili matatu kwa wakati. Usisugue kama unayepiga viatu rangi. Dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Tema, usisukutue maji, floridi ibaki kazini. Kila jioni pitisha uzi katikati ya meno, maana mswaki haufiki huko. Anayetumia mti wa mswaki akate ncha iliyochakaa na atafune mpya, na akumbuke upande wa ndani.

Upande huo wa ndani wa meno ya mbele ya chini, uangalie kwa kioo kidogo na tochi ya simu. Mirija ya mate hufungukia hapo, na mate yana kalsiamu, kwa hiyo utando hugeuka ugaga haraka: ukingo wa manjano, mgumu kama simenti. Mswaki hauung'oi, na chumvi au makaa haviuondoi. Ni daktari wa meno wa kuukwangua. Usiogope ukihisi mapengo baada ya hapo, wala usiamini kwamba amelegeza meno. Ugaga ulikuwa umejaza nafasi ambazo ufizi ulikwisha ziacha.

Ukipiga mswaki vizuri, damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, nenda ukaonwe, na pima sukari pia, kwa sababu kisukari na fizi huharibiana. Mjamzito fizi humvimba kwa mabadiliko ya homoni, asiache mswaki.

Mvutaji sigara asingoje damu. Nikotini hubana mishipa midogo, ufizi ukaonekana mzima huku mfupa ukiliwa chini yake. Yeye aangalie meno yanayoonekana marefu kuliko mwaka jana, nafasi mpya kati ya meno, na harufu isiyoondoka hata baada ya mswaki.